Mtoto aanze kula lini? Piga hesabu kwanza, majirani baadae

Mtoto wangu wa kwanza alianza uji ana miezi mitatu na nusu. Sio kwamba sikujua, kliniki walishaniambia miezi sita, ila likizo iliisha nikarudi kazini, mtoto usiku analia, jirani akanambia huyo ana njaa maziwa yako mepesi, basi nikakoroga uji wa ulezi mwepeeesi, nikachuja, nikatia na sukari kidogo, nikampa kwa chupa. Akalala kweli. Nikajiona mjanja. Wiki mbili baadae tuko hospitali, mtoto anaharisha, utosi umedidimia, nesi anatafuta mshipa wa kutundika dripu hauoni.

Wa pili sikurudia hayo. Mi sio mtaalamu wa lishe, ni mama tu niliyeuliza maswali mengi kliniki mpaka manesi wakanizoea, na haya ndo niliyoyaokota. Kikubwa nilichoona ni kwamba wengi tunaangalia mtoto usoni ndo tunaamua. Anza na tarehe, halafu mwili wa mtoto, halafu ndo mambo ya nyumbani na kazi. Ukianza na mambo ya nyumbani utajikuta umempa uji kabla hujajua umempa.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe, achana na "mwezi wa sita"

Hapa ndo wengi wanapotelea. Mama anakwambia "wangu kaingia mwezi wa sita", ukimuuliza vizuri unakuta mtoto ana miezi mitano na siku tatu. Kuingia mwezi wa sita na kutimiza miezi sita ni vitu viwili tofauti, katikati kuna karibu mwezi mzima. (Na kuna mmoja kliniki alielewa ni Juni, mtoto amezaliwa Machi, tulicheka ila ndo hivyo alikuwa ameshaanza.)

Chukua kadi ya kliniki, angalia tarehe ya kuzaliwa. Kazaliwa tarehe 10 Januari, siku yake ni tarehe 10 Julai, hiyo ni kama siku 181. Wanaposema miezi sita wanamaanisha siku 180. Andika hiyo tarehe kwa kalamu kwenye jalada la kadi au kwenye kalenda ukutani, watu wote wa nyumbani waione. Mi niliandika kwa maka nyekundu.

Kwa nini sita, sio minne wala minane? Mi nilikuwa nadhani ni habari ya tumbo kukomaa tu. Kumbe kuna na hesabu ya madini chuma. Mtoto anazaliwa na akiba ya chuma aliyochukua kwa mama yake tumboni, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, kwa iyo anakula ile akiba taratibu mpaka ikifika miezi sita hivi inakuwa inaishia. Na nguvu pia, kuanzia miezi 6 mpaka 8 anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku juu ya maziwa anayonyonya. Kwa iyo kuwahi kuna shida yake, na kuchelewa kuna shida yake, usije ukasikia "miezi sita" ukajiongeza mpaka minane ukidhani ndo umemlinda zaidi. Mtoto wa hivyo utaona hanenepi, kapauka, kazi kuning'inia kwenye ziwa tu.

Kama mtoto ni njiti au alizaliwa chini ya kilo 2 na nusu, hesabu hii usiifanye peke yako. Akiba ya chuma inajengwa zaidi miezi mitatu ya mwisho ya mimba, yeye hiyo miezi hakuimaliza, kwa iyo mara nyingi wanaandikiwa matone ya chuma mapema, na umri wa kuanza kula wanauangalia pia na tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Uliza kliniki wakupe tarehe yako.

Hatua ya 2: Mjaribu mwili wake

Tarehe ikikaribia, mkalishe kwenye mkeka, shughuli ya dakika tano. Unatafuta vitu vitatu, vyote vitatu kwa pamoja:

Anakaa, hata kwa kuegemea, na shingo imesimama imara hainesinesi. Mtoto anayelala lala akipewa chakula anapaliwa.

Anaona kitu, anakishika, anakipeleka mdomoni mwenyewe. Macho, mkono na mdomo vinafanya kazi pamoja.

Ukimgusisha kijiko kitupu kisafi mdomoni, ulimi hausukumi nje. Watoto wadogo wana ile tabia ya ulimi kusukuma kila kitu kinachokuja, huo ni ulinzi wake, sio kwamba hapendi. Ukiona unampa kijiko na chote kinarudi kidevuni, mwenzio mlango bado umefungwa.

Watoto wengi wanafikisha hivi vyote karibu na hiyo miezi sita, sio bahati mbaya. Akitimiza sita bado ulimi unasukuma kidogo, mpe siku tatu nne ujaribu tena. Ila kama ana miezi sita kamili na shingo haijakaza, hapo usisubiri wala usimpe chakula kwa nguvu, nenda akaangaliwe.

Hatua ya 3: Zijue dalili za uongo

Hii ndo sehemu inayotuangusha, naomba uisome taratibu.

Kutafuna ngumi. Kutoa mate. Kuota jino. Kuamka usiku wakati alikuwa analala. Kutaka kunyonya kila saa. Kukodolea macho sahani yako. Kuwa bonge. Zote hizi watu watakwambia "anataka kula huyo", na hakuna hata moja inayosema mtoto yuko tayari. Mtoto wa miezi minne anakodolea sahani, anakodolea na simu yako, anakodolea na feni. Ngumi anatafuna kwa sababu kagundua ana ngumi.

Hiyo ya kuamka usiku na kunyonya mfululizo ndo ilinimaliza mimi. Kuna vipindi mtoto anakua haraka, karibu na wiki ya sita, tena karibu na miezi mitatu, ananyonya kama hajawahi kuona maziwa. Ukimwachia anyonye siku chache maziwa yenyewe yanaongezeka, maana ziwa linatengeneza kadri linavyonyonywa. Ukimpa uji hapo, ananyonya kidogo, maziwa yanapungua kweli, halafu unasema si mnaona, maziwa yangu hayatoshi. Umejitengenezea tatizo mwenyewe, na mi ndo nilivyojitengenezea.

Unataka kujua kama anashiba? Hesabu mikojo. Mara sita au zaidi kwa siku nzima, mkojo mweupe, na kwenye kadi mstari wa uzito unapanda, huyo anashiba, hata kama analia. Mstari ukilala au ukishuka, hiyo sasa ni sababu ya kwenda kuongea na nesi, ila kuongea, sio kwenda dukani kununua unga.

Na maji je, Dar hii na joto lake? Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Joto likizidi mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji ya kunywa, maji ya sukari, asali ya kulamba, vyote subiri. Asali tena subiri mpaka mwaka mzima, ina vijidudu ambavyo mtu mzima havimfanyi kitu ila mtoto mchanga vinaweza kumlegeza mwili mpaka akashindwa kupumua.

Hatua ya 4: Kama unafanya kazi, hesabu pengo

Tuambiane ukweli, wengi hatuanzi mapema kwa sababu ya ujinga. Tunaanza kwa sababu ya kalenda ya kazi. Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inakupa siku 84 za likizo, mapacha 100. Toa 84 kwenye 180 unabaki na siku 96. Na kama ulianza likizo wiki chache kabla ya kujifungua ndo pengo linakuwa refu zaidi. Kenya nako ni miezi mitatu, hesabu inaangukia pale pale. Mama anayeuza vitumbua au mwenye meza yake sokoni huyo hata hiyo 84 hana, keshokutwa yuko barabarani.

Kwa iyo hizo siku 96 zipangie mapema, usisubiri Jumapili ya mwisho ya likizo:

Wiki mbili kabla ya kurudi anza kukamua na kumzoesha mtoto kunywa kwa kikombe kidogo au kijiko. Chupa ni ngumu kuisafisha vizuri, hasa ile chuchu. Dada wa kazi au bibi amfundishe yeye, sio wewe, ukiwepo wewe mtoto anasikia harufu anataka ziwa lenyewe.

Maziwa uliyokamua yanakaa kwenye friji mpaka siku nne, weka ndani kabisa sio mlangoni. Nje wanasema masaa manne kama joto haizidi nyuzi 25, sasa Dar ya mwezi wa pili sio nyuzi 25 hata usiku, mi sikuyaacha nje kabisa, nilikuwa na kibegi cha barafu. Kuyapasha usiyachemshe jikoni, tumbukiza kikombe kwenye bakuli la maji ya moto.

Ukirudi kazini sheria hiyo hiyo inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Mabosi wengi hawakwambii. Mi niliomba kwa barua nikawa natoka saa nane badala ya saa kumi, bosi alinuna wiki moja akazoea.

Na ikishindikana kabisa, maziwa hayatoki na mtoto ana miezi minne, mazungumzo yako na nesi ni ya maziwa mbadala ya kopo na namna ya kuyaandaa kwa usafi. Bado sio ya uji.

Hatua ya 5: Malizana na wakubwa nyumbani

Mama mkwe alikuja kutoka Singida mtoto ana miezi minne na wiki tatu, amebeba unga wa ulezi kilo tano. Siku ya pili tu mezani:

"Mama Imani, huyu mtoto mnamnyima chakula kwa nini? Muone anavyoniangalia mdomo."

"Mama, bado wiki tano."

"Wiki tano za nini? Baba yake alikula uji ana miezi minne, na ndo huyo hapo kajaza kochi."

Sikubishana. Na ukweli yeye hadanganyi. Mpaka mwaka 2001 hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema miezi minne mpaka sita, mwaka huo ndo wakabadilisha ikawa sita. Kwa iyo alichoambiwa kliniki enzi zake ndo hicho anachokisema leo, anatii nesi wa mwaka 1988. Ukimweleza hivyo kwa heshima hajisikii kama alilea vibaya.

Nilichofanya, nilimuomba anisindikize kliniki siku ya uzito, nikamwacha yeye ndo amuulize nesi. Halafu nikamwambia mama, siku ikifika kijiko cha kwanza unampa wewe. Wiki tano zote hizo yeye ndo akawa mlinzi, jirani akija na ndizi anamfukuza, anaonyesha kalenda.

Atakayekwambia mtoto "kabemendwa", yaani kadhoofika eti kwa sababu wazazi wamekutana kimwili angali ananyonya, kwa hiyo apewe dawa za kienyeji au uji wa kumrudishia nguvu, huyo mwitikie tu "sawa", halafu mpeleke mtoto akapimwe. Nyuma ya hilo neno mara nyingi kuna kuharisha au mtoto anayelishwa vibaya, na hivyo vinatibika.

Kama mama unaishi na VVU

Hii naiandika peke yake maana kuna uoga mwingi. Usiache kunyonyesha kwa kuogopa, na usianze chakula mapema ukidhani unampunguzia hatari. Ni kinyume kabisa: kuchanganya maziwa na uji au maji kabla ya miezi sita ndo kunaongeza hatari, kwa sababu vitu vingine vinaweza kuchubua utumbo wa mtoto virusi vikapata njia. Meza dawa zako kila siku, mtoto apate dawa zake za kinga kama mlivyoelekezwa, maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita, halafu chakula huku unaendelea kunyonyesha. Kituo chako wataenda na wewe hatua kwa hatua.

Hatua ya 6: Chagua siku yenyewe

Tarehe imefika, dalili tatu zipo. Bado chagua siku. Isiwe siku ana mafua au anaharisha, isiwe siku ametoka kudungwa sindano, isiwe siku mna msiba au mnahama. Iwe asubuhi au mchana, ili akipata vipele au kutapika uone kuna mwanga na kuna usafiri, sio saa tano usiku unaanza kutafuta bodaboda. Mnyonyeshe kidogo kwanza, mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko.

Osha mikono kwa sabuni, yako na yake. Vijiko viwili vitatu vya chakula vinatosha, mara mbili kwa siku, ukienda unaongeza mpaka karibu nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo, mara mbili mpaka tatu kwa siku, akifika miezi 9 iwe mara tatu mpaka nne.

Sasa uzito wa chakula. Chota kijiko, kiinamishe. Kikimwagika kama maji, umempikia maji ya moto. Kinatakiwa kibaki kwenye kijiko, kidondoke kwa uvivu. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama mililita 240 tu, ukilijaza uji mwepesi amejaa na hajala. Ndo maana utaona maajabu: mwaka 2022 takwimu za taifa zilionyesha watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 nchi nzima, lakini Iringa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50, mikoa inayolisha nchi mahindi na maharage! Mahindi yapo ya kutosha, ila mahindi peke yake hayamkuzi mtoto, na mama akiwa shambani tangu alfajiri nani atapika mara tatu.

Kwa iyo kwenye uji mzito au kiazi au ndizi iliyopondwa, tia kitu chenye nguvu tangu wiki ya kwanza: kiini cha yai kilichoiva, kisha yai zima, dagaa waliotolewa vichwa wakasagwa unga, maini yaliyopondwa mara moja kwa wiki, maharage au choroko zilizochujwa maganda, karanga zilizosagwa laini (karanga nzima kamwe, anapaliwa). Mboga mchicha, matembele, boga, viazi lishe. Parachichi halihitaji hata kupikwa. Wachaga mna mtori, upondeni vizuri na nyama isagwe, sio mchuzi tu mtoto na nyama baba. Chumvi na sukari acha mpaka mwaka upite, na chai usimpe kabisa, inazuia chuma kuingia mwilini.

Ule unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi na viwili mi siupendi. Soya, karanga, mahindi, mchele, kila kimoja kinaiva kwa muda wake, ukivisaga pamoja kimoja kinabaki kibichi tumboni kwa mtoto. Halafu mahindi na karanga zikipata unyevu zinaota sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na sumukuvu haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo. Nunua nafaka moja au mbili, chagua mwenyewe, toa zilizooza na zilizosinyaa, saga kidogo kidogo, karanga pondea pembeni.

Hatua ya 7: Siku za mwanzo

Chakula kipya kimoja kwa siku mbili tatu, ili vipele vikitokea ujue ni nini. Akivimba midomo au anahema kwa shida, hiyo ni hospitali sasa hivi. Akikohoa na kutoa ulimi na uso kuwa mwekundu, anajifunza kumeza, tulia. Asipotoa sauti kabisa ndo kapaliwa, mgeuze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa chini, piga mgongoni katikati ya mabega.

Choo kitabadilika rangi na harufu, usishtuke. Maji yaliyochemshwa yakapoa unaweza kuanza kumpa kidogo kwa kikombe. Na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili na zaidi, chakula kimekuja kuongezea, hakijaja kulifukuza. Miezi sita hiyo hiyo kliniki wanampa matone ya vitamini A, unganisha safari.

Uji uliobaki usimwekee kwenye chupa ya chai asubuhi akanywe jioni. Najua inarahisisha, najua dada ana kazi nyingi, ila uji wa uvuguvugu wa masaa sita ni kiwanda cha kuharisha. Pika kidogo, kikombe kimoja, kikibaki kula wewe.

Siku yetu ilipofika mama mkwe alivaa kanga mpya kabisa, akamkalisha mjukuu wake mapajani, bakuli la boga lililopondwa. Kijiko cha kwanza kikaingia, mtoto akakunja uso kama kapewa mwarobaini, akatema chote juu ya kanga. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu akameza nusu, akageuza kichwa. Tukaacha hapo hapo, maana akigeuza kichwa ndo kasema basi, na ladha mpya inaweza kutaka hata mara kumi ndo akaikubali. Mama mkwe akajifuta, akanambia, "keshokutwa tumjaribu na parachichi."